Nitachaguaje albamu zangu kumi za muda wote?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Kijiweni kwetu Tabata tuko watano na tumepeana mwezi mmoja: kila mtu alete albamu zake kumi za muda wote. Albamu, siyo nyimbo. Mimi kila nikishika kalamu naishia kuandika nyimbo. Sikinde na Msondo nimekulia humo, lakini hata albamu moja siijui kwa jina. Bongo Fleva ya zamani naipenda, ila nikiiweka leo nusu ya nyimbo naziruka. Halafu orodha ya Jumatatu siyo ile ya Ijumaa. Nianzie wapi?"

Marahaba, ndugu yangu. Sikio lako halina tatizo. Umeanza kuchagua kabla hujaweka sheria za kuchagua, na kwa mtu aliyekulia Dar sheria hizo haziepukiki, kwa sababu sehemu kubwa ya muziki unaoupenda haikutengenezwa kwa umbo la albamu.

Chukua kwanza bendi za dansi, kama hizo Sikinde na Msondo zako. Kwa miongo kadhaa njia kuu ya wimbo wa dansi kumfikia msikilizaji ilikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi iliingia studio za RTD, ikarekodi nyimbo zake kadhaa, tepu zikabaki maktaba ya redio na nyimbo zikapigwa hewani. Redio binafsi ya kushindana nayo haikuwepo mpaka Radio One ilipoanza mwaka 1994. Nyimbo zilizobahatika kuingia kwenye santuri mara nyingi zilifyatuliwa Nairobi, tena kwenye santuri ndogo ya mizunguko 45, ambayo kila upande unabeba dakika nne au tano tu. Ndiyo maana vibao vingi vya zamani vimekatwa vipande viwili: upande wa kwanza maneno, ukigeuza unakuta sebene. Kwa hiyo ukitafuta "albamu ya Sikinde ya mwaka 1980", mara nyingi hutaipata kwa sababu haikuwahi kuwepo. Hujasahau kitu.

Taarabu nayo ni hivyohivyo, na zaidi. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928 kwenye santuri za mizunguko 78, upande mmoja kama dakika tatu. Santuri ndefu ya mizunguko 33 na theluthi, ile iliyozaa albamu kama tunavyoijua, ilitoka Marekani mwaka 1948, miaka ishirini baadaye. Huwezi kumdai Siti albamu.

Basi amua mapema nini kinahesabika. Mimi napendekeza upime kwa dakika, usihesabu nyimbo: kazi iwe na dakika 25 au zaidi, iliyotolewa kwa pamoja chini ya jina moja. Majukwaa mengi ya kidijitali huita albamu kazi yenye nyimbo saba na kuendelea au inayozidi dakika 30, na kipimo hicho kinafaa kwa vijana wa leo. Lakini ukikifuata kwa kuhesabu nyimbo peke yake utatupa nje santuri nzima za rumba ya Kongo zenye nyimbo nne tu, mbili kila upande, kila moja dakika nane au tisa au kumi. Utatupa pia kaseti za taarabu ya kisasa zenye nyimbo nne au tano ndefu. Nimeshuka hadi 25 kwa makusudi, maana santuri nyingi za miaka ya 1960 ziliishia katikati ya dakika 25 na 35, na si haki kuzinyima nafasi kwa ufupi wake.

Sheria ya pili ni ya mikusanyiko, na hapa ndipo Sikinde na Msondo wako wanapoingilia. Ruhusu mikusanyiko isiyozidi miwili kati ya kumi, na kwa sharti moja: iwe imepangwa na mtu aliyekuwa na wazo, kwa mfano kipindi fulani, mji fulani au bendi fulani. Mfululizo wa Zanzibara uliotolewa na Buda Musique ya Ufaransa kuanzia mwaka 2005 unafaa sana kwa kazi hii. Toleo la tatu, Ujamaa, ni la dansi ya miaka ya 1960. La tano, Hot in Dar, linachukua miaka ya 1978 hadi 1983, yaani kipindi kilekile Mlimani Park, ndiyo hiyo Sikinde yako, ilipozaliwa na kushika mji. Kwa Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979, kuna mfululizo wa Ukumbusho uliotolewa Kenya baada ya kifo chake. Chagua toleo moja kwa namba yake, usiandike tu "Ukumbusho" maana ni mengi na nyimbo ni tofauti. Kaseti iliyorekodiwa na fundi wa mtaani kutoka redioni haihesabiki, hata kama ndiyo iliyokulea. Iwekee karatasi nyingine: vibao ishirini vya bendi, vyenye orodha yao peke yao. Ukitenganisha karatasi hizi mbili, ile hali ya kuishia kuandika nyimbo inakwisha yenyewe, kwa sababu nyimbo zimepata pa kwenda.

Mkusanyiko wa kukataa ni ule wa vibao bora vya mwanamuziki ambaye albamu zake zipo. Mfano mzuri ni Bob Marley. Wengi hapa mjini wanamjua kupitia Legend, mkusanyiko wa nyimbo 14 uliotoka mwaka 1984, miaka mitatu baada ya kifo chake. Sasa iweke kando ya Exodus ya mwaka 1977. Nyimbo tano za Exodus zimo kwenye Legend: nne zimetoka upande B, pamoja na wimbo wenyewe wa Exodus unaofunga upande A. Maana yake aliyesikiliza Legend peke yake hajawahi kukutana na nyimbo nne za mwanzo za upande A, kuanzia Natural Mystic inayoingia kwa kunyemelea, sauti ikipanda kutoka mbali, hadi The Heathen. Upande huo wote ni onyo na hukumu, unapanda taratibu mpaka unafika kwenye safari ya Exodus yenyewe. Hapo msikilizaji wa santuri alilazimika kuinuka, kugeuza, na upande wa pili ukafunguka kwa Jamming: mapenzi, faraja, watu kucheza pamoja. Three Little Birds ukiusikia baada ya dakika ishirini za onyo ni wimbo mwingine kabisa, tofauti na ule unaopigwa kwenye harusi. Hiyo ndiyo kazi ya albamu ambayo mkusanyiko hauwezi kuifanya, na ndiyo unayotakiwa kuitafuta kwenye kila albamu unayoifikiria: je, mpangilio unaongeza kitu ambacho wimbo mmojammoja hauna?

Sheria ya tatu ni umri. Miaka mitano kamili tangu itoke. A Boy from Tandale ya Diamond Platnumz ya mwaka 2018 inaingia kwenye kinyang'anyiro. Albamu za mwaka 2024 zisubiri, hata ile unayoipiga kila siku asubuhi. "Muda wote" ni dai zito, na albamu ambayo haijawahi kukukinaisha kisha ikakurudia haijajaribiwa bado. Najua kuna mwenzenu mmoja atalalamika. Mpeni nafasi ya kumi na moja nje ya orodha.

Ya nne ni ndogo lakini inazua ugomvi mkubwa vijiweni: mnachagua mnazozipenda, au mnazoona ndizo bora? Kubalianeni kabla. Jarida la Rolling Stone la Marekani lilipotoa orodha yake ya albamu 500 mwaka 2003, ya kwanza ilikuwa Sgt. Pepper's ya The Beatles. Lilipoipanga upya mwaka 2020 kwa wapiga kura wapya, ya kwanza ikawa What's Going On ya Marvin Gaye, ambayo ni ya mwaka 1971. Hakuna kilichobadilika ndani ya albamu hizo. Waliobadilika ni wapiga kura. Ninyi watano andikeni mnazozipenda. Ubora waachieni wenye majarida.

Sasa kukusanya. Jioni ya kwanza weka simu mbali. Andika kwa kumbukumbu tupu kila albamu inayokujia, bila kupanga, mpaka ukauke. Simu ukiifungua mapema itakuletea ulichosikiliza wiki hii na kinachosukumwa wiki hii. Jioni ya pili pitia vitu: kaseti na sidii zilizo nyumbani, folda kwenye flashi za zamani, memori kadi ya simu uliyoiacha. Jioni ya tatu ndiyo ufungue programu za muziki uone umepiga nini kwa wingi. Lenga majina 40. Ukipata 25 inatosha. Ukivuka 60 unajaza ili kuonekana unajua.

Kabla hujasikiliza, hakikisha unachosikiliza ndicho chenyewe. Hapa ndipo orodha nyingi za Dar zinapoharibikia, na nina wasiwasi hata zile nyimbo unazoziruka, baadhi unaziruka kwa kosa la nakala.

Kosa la kawaida ni mwaka. Albamu ya mwaka 2003 iliyopandishwa mtandaoni mwaka 2016 itasomeka 2016. Jingine ni mpangilio: aliyepandisha amezipanga kwa herufi, au ameweka vibao mbele, au ameacha wimbo wenye utata wa haki. Jingine, na hili ni la bendi hasa, ni kurudiwa. Wanamuziki wa dansi walikuwa wakihama sana. Mwaka 1985 waimbaji Gurumo na Bitchuka walitoka Mlimani Park wakaenda kuanzisha International Orchestra Safari Sound, na si wao peke yao waliohama namna hiyo. Vibao vikapigwa upya na sauti nyingine, na miaka ya karibuni vimerekodiwa tena kwa kinanda na ngoma za kompyuta. Jina la wimbo ni lilelile, jina la bendi ni lilelile, lakini siyo rekodi uliyokulia. Sikiliza ngoma na tarumbeta dakika ya kwanza. Ukisikia kinanda kinaiga tarumbeta, endelea kutafuta.

Kama una kaseti yenyewe, itakupa mpangilio wa kweli: jalada lina upande A na upande B. Angalia kama ni ya kiwandani. Geuza mgongo wa kaseti uangalie pembe mbili za juu. Kaseti iliyotolewa na kiwanda ina matundu wazi pale, ili isirekodiwe juu yake. Kaseti tupu iliyonunuliwa dukani ikarekodiwa nyumbani ina vifuniko vidogo vya plastiki bado vimo, au vimevunjwa kwa mkono na kuacha ukingo uliochongoka. Za wezi wa kazi za wasanii zilikuwa na jalada la fotokopi: rangi imefifia, maandishi ya pembeni yamekatwa. Nyimbo za hizo huenda zimetoka albamu mbili tofauti.

Usiitie kwenye redio mara moja. Unyevu wa Dar unaotesha ukungu, utauona kama unga mweupe kwenye kingo za mkanda kupitia kidirisha. Ukiuona, usiipige, maana ukungu utahamia kwenye kichwa cha redio, kile kinachosoma mkanda, na kutoka hapo kwenda kaseti nyingine. Kama ni safi, isukume mbele mpaka mwisho kisha irudishe yote mara moja kabla ya kupiga, ili mkanda ujikaze sawasawa. Safisha kichwa kwa pamba na spiriti ya asilimia 90 au zaidi. Sauti ikiwa imefubaa kama imefunikwa blanketi, siyo lazima iwe kaseti: kuna skrubu ndogo pembeni ya kichwa, yenye springi, inayobadili ulalo wake. Izungushe robo kwa robo kwa bisibisi ya nyota huku wimbo ukiendelea, mpaka uisikie hi-hati, vile visahani vya ngoma, ikichomoza. Pale isimame. Kumbuka ulipoanzia, kwa sababu kaseti nyingine itataka irudishwe.

Kasi pia inadanganya. Kaseti zilizonakiliwa kwa redio yenye betri dhaifu zilirekodiwa polepole, kwa hiyo ukizipiga kwenye redio nzima zinakimbia na mwimbaji anasikika kama mtoto. Hii ndiyo iliyoingia kwenye MP3 nyingi za "zilipendwa". Linganisha urefu: kama toleo safi la wimbo ni dakika tano kamili na lako ni dakika nne na sekunde 43, la kwako linakimbia kwa karibu asilimia sita, na hiyo ni nusu toni nzima. Kwenye kompyuta programu ya Audacity inarekebisha kwa kubadili kasi, siyo kubadili mdundo peke yake, maana unataka sauti na mwendo vishuke pamoja. Hakikisha tu kwamba wimbo haujakatwa mwisho, la sivyo hesabu itakupoteza.

Mfano wa albamu ambayo nakala safi inabadilisha hukumu ni Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala na Orchestre Super Matimila, iliyotolewa na Real World ya Uingereza mwaka 1989. Wengi wa hapa walimjua Remmy kwa kaseti na redio, kwa wimbo mmojammoja na kwa maneno yake. Ile albamu ilirekodiwa kwenye studio iliyowapa nafasi magitaa matatu kusikika kila moja mahali pake. Kwenye MP3 ya flashi, gitaa la kati linamezwa na huwezi kuelewa kwa nini Karola haikuchoshi. Kwenye nakala nzuri, funga macho uyafuatilie magitaa moja baada ya jingine. Utagundua kuwa hakuna linaloongoza muda wote. Mimi binafsi naiweka juu ya Mambo ya mwaka 1992, ambayo ina Kiingereza kingi na imepunguza ule msukumo wa bendi ya ukumbini. Wengine wanaona kinyume, na wana hoja.

Kuhusu bando: kwa ubora wa kilobiti 128 kwa sekunde, dakika moja ni kama megabaiti moja. Albamu ya dakika 45 ni megabaiti 43 hivi, na 40 za aina hiyo ni takriban gigabaiti 1.7. Kwa kilobiti 320 zidisha kwa mbili na nusu. Pakua usiku kwa bando la usiku, zisikilize bila intaneti. Kusikilizia video kunamaliza bando bila faida yoyote kwa sikio.

Usikilizaji wenyewe una masharti machache. Zima kuchanganya nyimbo, zima kuendelea kwenye wimbo wa kufanana albamu inapoisha. Washa kusawazisha sauti kwenye mipangilio ya programu. Hili la mwisho watu wanalidharau, lakini albamu za karne hii zimesukumwa juu sana kuliko za miaka ya 1970, na kati ya rekodi mbili sikio huipendelea inayosikika kwa nguvu zaidi. Spotify kwa kawaida huzileta zote kwenye LUFS −14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Kama unatumia flashi, dhibiti kwa mkono kila ukibadilisha albamu. Punguza besi ya sabufa mpaka katikati. Sabufa zetu zinafanya kila wimbo wenye kiki, yaani ile ngoma kubwa ya chini, uonekane mzito. Rudia albamu zile zinazokusumbua kwa hedifoni. Daladala si mahali pa kutoa alama.

Karatasi iwe mbele yako. Kila wimbo unapoisha weka alama moja: kujumlisha kama ungependa urudie, duara kama ulikaa tu ukauacha uende, kutoa kama mkono ulitaka kuruka. Usiruke kweli. Utangulizi, salamu, mazungumzo na biti tupu usizihesabu. Alama za kutoa zikivuka theluthi ya nyimbo, umeipenda nyimbo ndani ya albamu, siyo albamu. Hamishia vibao vyake kwenye karatasi ile nyingine na uendelee.

Hapo utajua kwa nini unaruka nusu ya Bongo Fleva ya zamani. Kaseti ya miaka ile ilitakiwa ijae pande mbili ili iuzike, na msanii mwenye vibao viwili vinavyotamba redioni alijaza vilivyobaki kwa remiksi ya vibao hivyohivyo, biti tupu, shukrani ndefu na rafiki aliyekuja studio siku hiyo. Nyingi zitakufa kwenye jaribio hili, na ni haki yake. Zitakazobaki zitabaki kwa nguvu. Kwa maoni yangu Machozi, Jasho na Damu ya Professor Jay (2001) inasimama kwa sababu ya jinsi inavyobadili mzungumzaji: huyu mwanasiasa wa ahadi hewa, yule kijana wa mjini, na masikio hayachoki. Ugali ya Juma Nature (2003) na Binti ya Lady Jaydee (2003) nazo zijaribu kwa uangalifu kabla hujazikata. A Boy from Tandale ina shida tofauti: nyimbo zake nyingi zilishatoka moja moja kabla ya albamu, kwa hiyo tayari unazijua kila moja peke yake na sikio halitaki kuziunganisha. Isikilize mara mbili kabla ya kuandika.

Albamu 40 kwa dakika 45 ni saa 30. Mbili kwa usiku, siku ishirini. Mwezi wenu unatosha, ila hauna nafasi ya uvivu.

Baada ya mchujo utabaki na kama ishirini. Kuzipanga kwa kuzitazama zote kwa pamoja ndiko kunakokupa orodha ya Jumatatu na orodha ya Ijumaa. Zilinganishe mbilimbili. Kila albamu na kila nyingine ni mapambano 190, hayo hayafai. Fanya hivi: anza na albamu moja. Ya pili iweke juu au chini yake. Inayofuata ilinganishe kwanza na iliyo katikati ya orodha. Ikishinda nenda nusu ya juu, ikishindwa nenda nusu ya chini, tena katikati, mpaka ipate kiti chake. Kwa ishirini utamaliza kwa mapambano kama 60 hivi, jioni moja na chai. Swali la kila pambano liwe lilelile: umeme umekatika, simu imebakiwa na chaji ya saa moja, unapiga ipi mpaka mwisho? Jibu ndani ya sekunde tano. Ukianza kujieleza, unajibu kwa niaba ya wenzako wa kijiweni.

Utakuta A inaishinda B, B inaishinda C, halafu C inaishinda A. Hujakosea, hizo tatu ziko sawa kwako, zipe kiti kimoja na ziendelee. Kisha ikunje karatasi, uiweke, na baada ya wiki mbili panga upya bila kuitazama ile ya kwanza. Albamu iliyoruka zaidi ya nafasi tano kati ya mara mbili inategemea siku ulivyoamka, kwa hiyo ishushe mpaka pale ilipokuwa chini zaidi. Iliyokaa nafasi ileile, au ikahama moja au mbili, ni ya kweli. Huenda wiki mbili huna. Basi hata siku nne zinafaa, mradi moja iwe asubuhi na nyingine usiku.

Sina sheria ya albamu moja kwa kila msanii. Kama Franco wa Kongo amechukua nafasi mbili kwako, acha achukue. Ila zikifika tatu, rudia mapambano ya hizo tatu peke yake, mara nyingi moja wapo imebebwa na jina.

Mkikutana, msijumlishe pointi kirahisi. Kumi kwa ya kwanza, moja kwa ya kumi, ni sawa, lakini albamu aliyoiweka mmoja juu kabisa itapata 10 na kuipita iliyowekwa nafasi ya nane na watu watatu, yenye 9. Wekeni sharti kwamba albamu ya orodha ya pamoja lazima iwe imeandikwa na angalau wawili. Kila mtu aandike pia toleo: santuri, kaseti au la mtandaoni, na mwaka wa kwanza kutoka, maana mtagundua watu wawili wamegombania jina moja lenye nyimbo tofauti. Na kama mnataka kupigiana, msipige zote hamsini, zitawafikisha usiku wa manane hata mkipiga wimbo mmoja tu kwa kila albamu. Kila mtu achague tatu zake za juu na apige wimbo mmoja kutoka kila moja, na usiwe kile kibao kinachojulikana. Nyimbo 15, saa moja na robo hivi.